Nilimwambia mume wangu picha ya baba yake nimeifuta

Barua ya wiki hii imetoka wilayani Masasi. Jina la mwandishi na la kijiji chake tumeyaondoa kama alivyoomba.

Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37, kazi yangu ni fundi cherehani. Naishi na mume wangu na mama mkwe wangu katika kijiji kimoja upande wa Ndanda. Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini limeniondolea usingizi wiki hizi, kwa sababu Desemba hiyo inakuja.

Nianze mbali kidogo. Mama yangu mzazi alifariki mwaka 2019. Tulipotafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza hatukuipata. Tulipekua masanduku, tukapiga simu kwa ndugu wa Newala na Nachingwea, hakuna. Mwishowe kaka yangu alichukua kadi yake ya mpiga kura, ile ya mwaka 2015, akaipeleka studio Masasi mjini wakaikuza. Ilitoka na ukungu, macho yamekodoka kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ndiyo picha tuliyomzikia. Na mama alikuwa mtu wa kucheka! Mimi nikimkumbuka namwona nje chini ya mwembe anakaanga korosho kwenye kile kipande cha debe, upindo wa kanga ameung'ata umfunike pua ule moshi usimchome, huku anatufukuza kwa mkono tusisogee, maana mafuta ya ganda yakikurukia yanababua ngozi. Hiyo hakuna aliyeipiga picha.

Desemba ya mwaka 2021 niliona kwenye simu kwamba huko nje kuna watu hupiga picha moja kila siku ya Desemba, ya maisha ya nyumbani tu, halafu wanatengeneza kitabu cha Krismasi ya mwaka huo. Nikasema hili naliweza. Tangu hapo, tarehe 1 hadi 31, kila siku picha moja. Januari nazipeleka studio, nabandika kwenye daftari kubwa, chini naandika tarehe. Hadi sasa ni miaka minne, picha 124. Viatu vya watoto mlangoni vikiwa na tope la mvua ya kwanza. Kumbikumbi kwenye ungo. Mume wangu amepitiwa na usingizi, redio iko kifuani. Mama, Desemba kwangu ndiyo kazi: sare za kwaya, magauni ya watoto, mashati ya vitenge, nashinda kwenye cherehani mpaka usiku. Ile picha moja ndiyo ilikuwa dakika yangu ya kuinua kichwa nikawaona watu wangu.

Mwaka jana mambo yakaharibika. Tarehe 10 nilimpiga picha mume wangu akipakia magunia ya korosho kwenda ghala la chama cha msingi. Alikuwa anatabasamu, picha nzuri sana, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wakadhani pesa zimeingia. Kabla wiki haijaisha ndugu watatu walishaomba ada, mmoja akataka bati za kuezekea. Mnada ulikuwa umefanyika lakini malipo yalikuwa hayajatoka. Shemeji yangu mmoja akaandika mbele ya watu wote kwamba tumeuza na tunawaficha. Mume wangu aliumia sana.

Tarehe 15 nilimpiga picha binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 13, amekaa katikati ya magoti ya wifi yangu anasukwa. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, mdomo wazi kwa maumivu. Nayo nikaituma. Mtoto wa shemeji akaitengenezea stika na maneno juu yake. Shule zilipofunguliwa Januari wenzake darasani walikuwa nayo. Alirudi nyumbani siku hiyo hakula. Mpaka leo nikishika simu anageukia ukutani.

Na kuna jingine naona aibu kulisema. Tarehe 17 ilikuwa Jumanne, nimechoka, sijapata picha. Niliwavalisha watoto nguo za kanisani saa kumi na mbili jioni, nikawasimamisha kando ya tawi la mvinje tulilolipamba, nikawaambia wacheke. Mdogo alikuwa analia, njaa inamuuma. Nikasubiri mpaka aliponyamaza ndipo nikapiga. Huyu mdogo ana miaka sita sasa. Ukimpa embe analishika juu bila kuling'ata, anauliza, "Mama, ushapiga?"

Sasa niseme lenyewe. Baba mkwe wangu alikuwa anaumwa tangu Oktoba. Tarehe 22, Jumapili ya nne ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, hakuweza kwenda kanisani. Mume wangu hakuwepo, alikuwa ameenda Mtwara mjini tangu jana yake kufuatilia malipo. Nilimkuta mzee amekaa kwenye jamvi chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, anachambua korosho zilizobaki, nzuri upande huu, mbovu upande ule. Shati lilikuwa limeshakuwa kubwa kwake, kola imesimama mbali na shingo. Akainua korosho moja usawa wa jua, akaitazama. Hapo nikapiga.

Alifariki tarehe 30 Januari. Kwenye msiba tulitumia picha yake ya zamani yenye suti. Baada ya mazishi nikamwonyesha mume wangu ile ya jamvini. Aliitazama kidogo tu, akanirudishia simu, akasema, "Futa. Baba hakuwa hivyo." Jioni akaniuliza kama nimefuta. Nikasema nimefuta.

Sikufuta. Mama mkwe wangu alijua ipo, kwa sababu nilipopiga alikuwa pale. Karibu na arobaini aliniita pembeni akasema, "Niwashie babu yenu nimwone." Tangu hapo, jioni ambazo mume wangu hayupo, ananiomba. Anaishika simu kwa mikono miwili, kioo kikififia anakigusa tena kama nilivyomfundisha. Hasemi mengi. Siku moja alisema tu, "Hiyo kola nilimwambia akupe uipunguze, akakataa."

Wiki iliyopita mume wangu alisema wakati tunakula, "Desemba hii hiyo simu ikae kabatini. Tule sikukuu kama watu." Binti yangu aliitikia kabla mimi sijafungua mdomo. Mama mkwe alinyamaza, akaniangalia.

Niache kabisa hizi picha? Nimwambie mume wangu ukweli, au niifute kimya kimya ili uongo wangu uwe kweli? Na nikiifuta, jioni mama akiniomba nimjibu nini?

Mama wa Picha, Masasi

JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni kwa baba mkwe, na pole wewe peke yako kwa mama yako, maana naona msiba ule wa 2019 bado unao, na Desemba zako zote nne zimetoka pale.

Hapo hapo nikuulize kabla sijaenda mbele: mumeo anajua hilo? Najua alikuwepo kwenye mazishi, aliiona picha ya kadi. Lakini umewahi kukaa naye ukamwambia kwa maneno kwamba hizi picha za kila siku ulizianza kwa sababu ile? Kwenye barua yako sikuliona hilo. Inawezekana nyumba nzima inadhani ni mtindo uliouona kwenye simu, kama mtu anavyoona mshono akaupenda. Mtu akidhani ni mtindo atakwambia simu ikae kabatini bila kujua ameweka mkono juu ya kaburi. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema sijui, na nadhani hata wewe hujui anajua kiasi gani.

Sasa turudi kwenye meza ile. Umesikia "acha" kutoka kwa watu wawili siku moja ukaona wamekuwa upande mmoja. Mimi nikisoma naona manung'uniko mawili yasiyofanana, na yote mawili hayakuanza kwenye kupiga picha. Mumeo alipigwa picha miaka mitatu, hata akiwa amelala na redio kifuani, na hukuniambia kwamba alilalamika. Binti yako naye vivyo hivyo. Kilichowaumiza ni pale picha ilipotoka nyumbani. Magunia yalikwenda kwenye kundi yakarudi na madeni. Kichwa cha binti kilikwenda kwenye kundi kikarudi na stika. Kupiga picha ni jambo moja, kuitunza ni jambo la pili, kuionyesha ni la tatu, na wewe kwa nia njema kabisa umekuwa ukiyafanya yote matatu kwa kidole kimoja, ndani ya dakika moja.

Sisi watu wa kusini hatuna haja ya kufundishwa hili na watu wa mbali. Tumelelewa kwenye jando na unyago. Tunajua yapo mambo yanayofanyika wakati wa likizo hii hii ya Desemba ambayo ni ya furaha, hayana aibu yoyote, na bado hayaonekani na kila jicho. Hakuna anayesema yamefichwa kwa sababu ni mabaya. Nywele za binti zilizosukwa nusu, mbele ya mama yake na shangazi yake, ni jambo la ndani. Kundi la ukoo lenye watu wengi, na binamu wa kiume, na simu ambazo hujui zinashikwa na nani, hilo ni baraza la nje.

Kwa hiyo naomba jambo la binti ulitenge kwanza, usilichanganye na mengine, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kushughulikiwa mapema. Huenda hajawahi kusikia kutoka kwako neno la kuomba msamaha. Labda ulimpa pole kwa walichofanya wenzake, na hiyo ni kweli, lakini anayejua ni nani aliyeituma ile picha ni yeye. Kumwomba msamaha mtoto wa miaka 14 hakukushushi. Hatari yake ni kwamba anaweza asikupe jibu siku hiyo, akageuka ukutani kama kawaida, na wewe ukaona umejidhalilisha bure. Mpe muda. Zungumza pia na wazazi wa yule kijana, kwa upole, aifute stika aliyonayo. Zilizokwisha kusambaa hazirudi, na usimwahidi binti kwamba zitarudi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sikutajii hili ili umshitaki mtoto wa shemeji yako. Nakutajia ili ujue kwamba binti yako alipochukia hakuwa anadeka.

Sasa ile picha ya jamvini.

Nimekaa nayo siku kadhaa kana kwamba nimeiona. Mume anasema baba hakuwa hivyo. Mke wa marehemu anaitazama na kuzungumzia kola. Wote wawili wanamtazama mzee yule yule, na sioni kama kuna anayekosea. Mama mkwe wako alilala kando ya mwili ule, aliuona ukipungua siku hadi siku, shati lile alilifua mwenyewe. Kwake picha haina jipya, ni mumewe. Mumeo yeye ana baba wa miaka mingi, mwenye nguvu, aliyempandisha mkorosho, na picha hii inataka kuwa ndiyo ya mwisho.

Lakini kuna sentensi moja uliyoipita haraka. Ulisema siku ile mume wako hakuwepo, alikuwa Mtwara mjini kufuatilia malipo. Na malipo yale aliyafuata kwa haraka, nafikiri, baada ya ndugu kumwandama kwenye kundi. Sasa jiweke mahali pake. Anapewa simu siku chache baada ya kuzika, anaona baba yake Jumapili ya Majilio, amekonda, amekaa peke yake na korosho zilizobaki za shamba lao, na yeye mwana hayupo. Je, inawezekana alipoitazama hakuona tu kukonda kwa baba yake, bali aliona na mahali ambapo yeye hakuwepo? Naweza kuwa nimekosea kabisa. Kuna wanaume wanaotaka kumkumbuka mzazi akiwa amesimama, basi, na hilo nalo ni haki ya mtoto. Ninachokuomba ni kwamba usiwe na haraka ya kuamini kuwa "futa" maana yake ni "sitaki". Hujamuuliza. Siku ile hakukuwa na nafasi ya kumuuliza, alikuwa na udongo wa kaburi kwenye viatu.

Umeniuliza kama uifute kimya kimya ili uongo uwe kweli. Fikiria inavyokwenda. Ukiifuta, mumeo hatajua, lakini mama mkwe atajua jioni ile ile. Ama umwambie umetii amri ya mwanawe, naye aanze kumwona mwanawe kama mtu aliyemnyang'anya mumewe mara ya pili, ama umdanganye na yeye, ukawa sasa na uongo kwa mama na uongo kwa mwana. Na picha iliyofutwa haina njia ya kurudi siku mumeo atakapoitaka. Huzuni hubadilika, mwanangu. Anayesema "futa" mwezi Februari anaweza kusema "iko wapi" mwaka wa tatu. Anaweza pia asiseme kamwe.

Ukiendelea kama ulivyo, nako kuna gharama, na sasa zinalipwa na mama mkwe. Mjane anamtazama marehemu mumewe kwa kuibia, akisikiliza mlango. Hilo ndilo lililoniuma zaidi katika barua yako yote. Na yule mdogo wa miaka sita yumo ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mtoto anayeuliza "Mama, ushapiga?" mbele ya watu, siku moja atauliza kwa nini bibi anamwangalia babu kwenye simu ya mama. Ukweli utamfikia mumeo kupitia mdomo mdogo, na hapo itaonekana mlikuwa mmemtenga.

Ukimwambia mwenyewe, atakasirika. Nisikufiche. Atakasirika kwa picha, na zaidi kwa kuambiwa imefutwa. Anaweza kuchukua simu akaifuta mbele yako, na hiyo hatari ni ya kweli. Kwa sababu hiyo wapo watakaokushauri uchapishe nakala moja kwanza umpe mama mkwe, ndipo uzungumze na mumeo. Naielewa hekima yao, lakini uone na upande wa pili: ukifanya hivyo unaingia kwenye mazungumzo ya kutubu ukiwa tayari umejiwekea akiba ya uongo mwingine. Njia nyingine ni mama mkwe mwenyewe kuzungumza na mwanawe. Yeye ndiye mwenye marehemu kuliko nyinyi wote, na mama akisema "mwanangu, ile picha naihitaji mimi" ni neno zito kuliko lako. Lakini usimsukume mbele ili wewe ujikinge. Muulize kama anataka, ukubali akikataa.

Kama utasema wewe, chagua saa. Usiseme mezani mbele ya watoto, wala siku aliyotoka kusikia bei ya mnada. Anza na mama yako, usianze na picha ya baba yake. Mwambie kuhusu kadi ya kura, kuhusu yale macho, mwambie ulichokiogopa siku ulipomkuta mzee jamvini. Halafu useme: nilikudanganya. Useme mara moja, usizungushe. Kisha umuulize alipoitazama aliona nini, na unyamaze hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Kuna jambo lingine nataka tulitazame pamoja, nalo ni hofu yako kwamba kisichopigwa picha kimepotea. Mwaka 2014 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha utafiti juu ya watu waliotembezwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa. Vitu walivyovipiga picha walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama kwa macho tu. Ila walipotakiwa kuvuta karibu sehemu moja ya kitu ndipo wapige, kumbukumbu haikupungua. Nilipousoma nilikumbuka watu wengi wanaoniandikia, na leo nimekukumbuka wewe. Mama yako huna hata picha moja nzuri ya kwake, lakini umenipa upindo wa kanga alioung'ata, kipande cha debe, mkono unaofukuza watoto, moshi. Mimi sikumjua mama yako na sasa namwona. Sikwambii hivyo ili uone picha hazina maana. Najua sura hufifia, na najua wanao hawatamwona bibi yao kama unavyomwona wewe mpaka uwaambie. Je, umewahi kuwaambia? Daftari lako lina tarehe chini ya kila picha. Lina maneno?

Nyumbani kwetu Mikindani kulikuwa na picha tatu ukutani. Moja ni ya mwanamke kijana amesimama kando ya kiti, mkono mmoja juu ya egemeo, amevaa mkufu. Picha safi kabisa, haina ukungu. Hakuna aliye hai kwetu anayejua ni nani. Kwa hiyo jina liandike nyuma kwa penseli, na alikuwa anafanya nini. Na usizitegemee simu. Simu hupotea, hujaa, huingia maji mvua zikianza. Ulichofanya cha kuchapisha kila Januari ni kizuri sana.

Kuhusu Desemba yenyewe, sina jibu la ndiyo au hapana, na ningekuwa nalo nisingekupa, kwa sababu nyumba ni yenu. Kuacha kabisa mwaka huu kunaweza kuwa zawadi kwa binti na kwa mumeo, mkaona sikukuu ya kwanza bila mzee ikapita bila kifaa katikati. Kunaweza pia kukukaa moyoni, hasa unaponyanyua kichwa kwenye cherehani saa tano usiku na hakuna ile dakika yako. Kuna kupiga bila kutuma: hakuna picha inayotoka nyumbani bila aliyemo kukubali, na kundi la ukoo lipate salamu kwa maneno. Hilo litataka uaminifu ambao kwa sasa umepungua kidogo, na utachukua muda kurudi. Kuna kupiga vitu na mikono badala ya nyuso, viatu, ungo, nyuzi chini ya cherehani. Lakini hofu yako ni ya sura, sijui kama itatulia kwa picha za ungo. Na kuna kumpa binti simu yeye ndiye apige, achague, akatae. Ukimpa kama kazi nyingine ya nyumbani ataichukia. Ukimpa kwa sababu umegundua katika picha 124 sura yako haimo, au imo mara chache, labda atasikia tofauti.

Ile Jumanne ya nguo za kanisani usijiadhibu kwayo. Ulikuwa umechoka na ulitaka siku isipotee. Ila mtoto alikuwa na njaa na picha inaonyesha ametulia, na wewe kila ukifungua daftari unajua. Ukitaka, andika chini yake ilivyokuwa kweli.

Majilio ya mwaka huu wa 2025 yanaanza Jumapili tarehe 30 Novemba, siku moja kabla ya tarehe yako ya kwanza. Unazo wiki chache za kuzungumza na watu watatu, mmoja mmoja, na si lazima yamalizike yote kabla ya Krismasi. Kama mama mkwe atakuomba jioni hizi kabla hujazungumza na mumeo, sitakwambia umkatalie. Kaa naye, muulize habari za hiyo kola, muulize na shati lenyewe liko wapi sasa. Wewe ni fundi, huenda kuna kitu mnaweza kulifanyia pamoja.

Niandikie Januari, unieleze mlivyokula sikukuu.